Draivu Kumi na Moja za Ukumbi

Machi 2

Mvua imeanza, na kama kawaida imeanzia kwangu. Chumba chetu cha kazi kimegawanywa kwa pazia. Mbele, penye kaunta na dirisha, ni pa Kaka. Nyuma ni pangu, na paa linavuja nyuma tu. Nimetega kopo chini ya tundu na kusogeza meza ukutani, sasa nikiinuka bila kufikiri nagonga kichwa kwenye rafu ya marehemu Baba.

Leo Kaka ameingia nyuma ya pazia kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiwa na shida tu. Safari hii alikuja na sura ya mtu anayekwenda harusini. Yule bwana mwenye ukumbi wa gemu, anayewakodisha vijana mashine kwa saa, ametupa kazi. Mashine kumi na moja za zamani, zote zinakataa kusoma diski. Anazitaka kabla shule hazijafunga, maana likizo ndiyo msimu wake.

"Mdogo wangu, kazi hii ni yako," Kaka akasema. "Mimi naongea na mteja, wewe unatengeneza. Ikiisha salama tunakwenda kwa mwenye nyumba wote wawili. Mkataba wa chumba unaandikwa upya, jina langu na jina lako. Nusu kwa nusu."

Nikamwuliza kama ananitania. Akala kiapo, mkono kifuani, akamtaja na Baba.

Nimeamua kuandika mpaka kazi iishe. Nyumbani hakuna wa kumwambia kitu. Nikimtaja Kaka, Mama hulia na Wifi hucheka.

Machi 3

Niseme kwa nini jina kwenye mkataba linaninyima raha. Baba alikuwa fundi saa, na kwenye chumba hiki alinifundisha kushika kibano kabla sijajua kushika mwiko. Kaka alifundishwa pia, lakini alikuwa na haraka, na saa haimpendi mtu mwenye haraka. Baba alipofariki, mkataba ulibaki na jina la marehemu. Mwaka jana Kaka alinunua maboksi ya makava ya simu, akayajaza upande wangu bila hata kuniambia "samahani." Msimu mzima wa baridi nilifanya kazi kwenye ngazi, mashine mapajani, wapangaji wa juu wakiniruka kichwa. Nilipolalamika, Mama alisema tusigombane juu ya chumba. Hatukugombana. Mimi nilikaa kwenye ngazi, yeye akakaa ndani.

Jina langu likiandikwa, hakuna atakayenitoa tena.

Machi 5

Nimefungua mashine ya kwanza. Watu hudhani mashine ya zamani hufa kwa uzee. Hapana. Hufa kwa vumbi, unyevu na mikono yenye mafuta. Ndani ya draivu, kile kisanduku kinachozungusha diski, kuna jicho dogo la kioo linalosoma diski, nalo hutembea juu ya reli mbili nyembamba. Jicho likiingia ukungu halioni. Grisi ya reli ikikauka inakuwa kama nta ya mshumaa, jicho linakwama njiani. Dawa ni spiriti, kijiti cha pamba, grisi mpya na subira.

Lakini mashine za aina hii zina uchawi wao. Chini ya kila draivu kuna bodi ndogo, kibao cha saketi, na bodi hiyo imefungamanishwa kiwandani na bodi kubwa ya mashine yake kwa namba ya siri. Ukichukua draivu ya mashine hii ukaitia kwenye mashine ile, diski itazunguka vizuri tu, halafu mashine itakuambia haiitambui. Kwa hiyo draivu unaweza kubadilisha, bodi yake ndogo kamwe. Lazima uihamishie kwenye draivu mpya. Ndiyo maana nafungua mashine moja, naimaliza, naifunga, ndipo nashika nyingine. Kaka ananiita konokono.

Machi 8

Mvua. Moja imekwisha.

Machi 11

Wifi ameniletea chakula nyuma ya pazia. Akasimama akinitazama, mikono kiunoni.

"Wifi, utajiua bure kwa kazi ya watu."

"Si ya watu. Ni yangu."

"Haya," akasema, akachekea puani, akaondoka na bakuli tupu la jana.

Mwanamke huyu ana kijicho. Tangu aolewe hapa hajawahi kuniambia neno likakosa mwiba ndani yake. Kaka anataka kunipa haki yangu, yeye anaona mumewe anapunguziwa. Mkataba ukiandikwa, nitamwonyesha ukurasa wenye jina langu, nimwulize kama anajua kusoma.

Machi 14

Mwenye Ukumbi amepita kutazama kazi. Nilimsikia nikiwa nyuma ya pazia. Kaka akamwambia, "Mbili nimeshazimaliza mzee, sasa naishika ya tatu." Naishika! Mikono yake ilikuwa imeshika gazeti.

Sikutoka. Nilijiambia ndivyo wanavyoongea watu wa mbele, mteja anataka kumwona mtu mmoja, si ukoo mzima. Kwa kweli nilimtetea ndani ya kichwa changu vizuri kuliko ambavyo angejitetea mwenyewe.

Machi 16

Ya tatu imekwisha. Kopo linajaa mara mbili kwa siku.

Machi 19

Naandika kwa hasira, mwandiko huu si wangu.

Asubuhi nilimpeleka Mama kliniki kwa ajili ya miguu yake. Foleni ikatuweka mpaka alasiri. Nimerudi nimelowa, nikavuta pazia, nikaona beseni la kufulia la Wifi juu ya meza yangu. Ndani ya beseni, spiriti. Ndani ya spiriti, draivu, zimerundikana kama samaki sokoni. Pembeni, juu ya gazeti, bodi ndogo nane zimepangwa kwenye mstari, nzuri, safi, hazina alama yoyote. Mashine nane zilizobaki ziko sakafuni, matumbo wazi.

Kaka alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, anajipongeza.

"Nimekusaidia. Ungezifanya moja moja mpaka mvua iishe. Mimi nimezifungua zote kwa mkupuo."

"Bodi ipi ni ya mashine ipi?"

"Bodi ni bodi."

"Kaka, bodi ipi ni ya mashine ipi?"

"Si zote za aina moja? Usianze, mdogo wangu."

Tangu Baba afe tunafanya kazi hii. Kila mara nikihamisha bodi namweleza kwa nini, na kila mara hunijibu "enhe, enhe" huku anatazama simu. Leo nimeelewa kwamba hakuwahi kusikia hata mara moja. Ananiuzia kazi kaunta, anatoza hela, anaitolea dhamana, na hajui ni nini. Nilikaa chini kwenye sakafu ya maji nikalia kama mtoto. Aliponiona nalia alitoka nje kuvuta hewa.

Mama alisema, "Mwenzio alikuwa na nia njema." Mama akisema hivyo, mjadala umefungwa.

Machi 20

Njia ni moja tu. Nachukua mashine, naunganisha bodi ya kwanza kwa waya bapa, natia diski, nasubiri. Ikikataa, nachomoa, natia ya pili. Waya wenyewe ni mwembamba na umezeeka, ukiuvuta kwa hasira unachanika. Kwa hiyo lazima nifanye bila hasira. Hilo ndilo gumu zaidi.

Machi 21

Hakuna.

Machi 22

Moja imekubali! Mashine yenye mkwaruzo mgongoni. Muziki wa mwanzo ulipolia nilipiga kelele mpaka Kaka akachungulia. "Unaona?" akasema. "Si nilikuambia ni kazi rahisi?"

Machi 24

Ya pili na ya tatu zimekubali. Sasa naweka alama kwa maka peni, kubwa, hata kipofu aione.

Machi 26

Umeme umekatika kutwa nzima. Nimekaa gizani nikisikiliza matone, na Kaka mbele anamweleza mteja jinsi alivyo na shughuli nyingi.

Machi 29

Zimebaki mbili. Bodi mbili, mashine mbili. Wifi amekuja kuchukua beseni lake. Nilitegemea maneno. Akaziangalia zile alama zangu za maka peni, akauliza, "Zote hizi umezijaribu kwa kila moja?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Na bado unamwamini," akasema.

Nikamwambia mambo ya ndugu ayaachie ndugu. Aliliosha beseni pale pale nje kwenye mvua, akalisugua kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Machi 31

Moja imekubali. Imebaki moja, na bodi moja. Sasa ni rahisi, haina pa kwenda.

Aprili 1

Imekataa.

Nimejaribu waya mwingine. Imekataa. Nimejaribu diski nyingine. Imekataa. Diski inazunguka, jicho linasoma, mashine inasema haiitambui. Nimegeuza bodi nikaitazama kwa kioo cha kukuzia cha Baba, kile cha kutengenezea saa. Kwenye pembe kuna kutu. Mashine za ukumbi zilikuwa na vumbi, hazikuwa na kutu. Kutu iko kwenye boksi letu la vyuma chakavu, lile lililo chini ya tundu la paa.

Bodi hii si ya ukumbi. Mtu ametoa bodi moja na kuweka nyingine ili hesabu itimie.

Aprili 2

Nilimsubiri Kaka afungue mlango. Nikaweka bodi yenye kutu juu ya kaunta.

Kwanza alijifanya hamnazo. Kisha akasema huenda ni mvua. Kisha akanigeuzia kibao kwamba mimi ndiye niliyechanganya. Mwishowe, baada ya kuona sitoki hapo, akasema:

"Siku ile nilipozifungua, fundi wa kona alikuwa na mteja mwenye haraka, anataka draivu. Nikampa moja. Nikaweka ile ya chakavu badala yake. Draivu ni draivu."

"Ulimpa draivu ya mteja wetu."

"Si nimeirudishia nyingine? Usinikalie kooni asubuhi yote hii."

Nilivua viatu nikavishika mkononi, maana mtaa wote ulikuwa mto, nikaenda kona. Fundi wa kona tunamwita Mzee Redio. Anatengeneza redio kwenye baraza lake tangu enzi ambazo Baba alikuwa kijana, na yeye na Baba walikuwa wakinuniana kwa sababu ambazo wote wawili walizisahau.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Umekuja na hasira za kaka yako, usije ukanimwagia mimi."

Draivu ilikuwa pale pale, juu ya redio. Ilimgomea. Mteja wake alikwishaondoka kwa maneno makali. Mzee Redio alidhani ni mbovu, na alikuwa anapanga kuja kutudai heshima yake.

"Si mbovu. Iko mbali na mashine yake tu," nikamwambia, nikamweleza habari ya bodi.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kidevuni. Akauliza swali moja, zuri. Sikumbuki lini mtu aliniuliza swali kuhusu kazi yangu. Akasema nikichoka na pazia, hapo barazani kuna meza inayolaliwa na paka. Nikamshukuru, nikamwambia nina chumba changu mwenyewe, mkataba unaandikwa mwezi huu. Nililisema kwa kujivuna, shingo juu.

Bodi imekubali mara ya kwanza.

Aprili 5

Kumi na moja. Zote zimewaka kwa pamoja sakafuni, kila moja na diski yake, na chumba kizima kimejaa nyimbo kumi na moja za kipuuzi zisizopatana. Nimekaa katikati. Nimefurahi, sitaki kudanganya. Mchana huu nimesahau kila kitu.

Aprili 6

Kaka amezipeleka ukumbini kwa gari la kukodi. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kutokea. Akasema ndani hakuna nafasi, maboksi yamejaa. Nilirudi nikavua gauni.

Jioni alirudi kifua mbele. Mwenye Ukumbi amemsifu mpaka basi, anataka atunze mashine zake zote kuanzia sasa. "Fundi Mkuu," ndivyo anavyomwita. Mama alipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, maana Mama alikuwa ananitazama.

Aprili 8

Nimemwuliza Kaka habari ya mwenye nyumba. Anasema amesafiri.

Aprili 10

Hajarudi.

Aprili 12

Mwenye nyumba amerudi, nimemwona mwenyewe akinunua mkate. Kaka anasema ana homa, tusimsumbue. Homa gani inayonunua mkate na kucheka na muuzaji?

Aprili 14

Mtu nisiyemjua ameingia nyuma ya pazia na futi ya kupimia. Akapima ukuta wangu, akapima mlango, akaniomba nisogee apime chini ya meza. Nikamwuliza Kaka. Akasema ni fundi wa paa, anakuja kuziba tundu. Nilifurahi kwa muda wa kutembea kutoka kaunta mpaka kwenye meza yangu. Kisha nikakumbuka kwamba yule mtu hakutazama juu hata mara moja.

Aprili 16

Wifi amekuja leo Kaka akiwa ukumbini. Hakuleta chakula. Alivuta pazia nyuma yake, akakaa juu ya boksi la chakavu, akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Wifi, huo mkataba unaousubiri."

"Najua hupendi niandikwe. Sema yote leo."

"Umeshasainiwa."

Nilidhani anamaanisha Kaka amekwenda bila mimi wiki hii. Nikaanza kusimama nimtafute.

"Kaa chini," akasema. "Umesainiwa kabla mvua haijaanza. Kabla hata yule wa ukumbi hajaleta mashine zake. Mwenye nyumba alikuja pale nyumbani, siku uliyokwenda mjini kununua spiriti. Jina la mume wangu peke yake. Mimi nilichemsha chai."

"Huo ni uongo."

"Ningependa uwe uongo. Huku nyuma amepangishwa muuza viatu. Yule aliyekuja kupima. Anahamia Jumatatu na makabati yake. Siwezi kukaa ndani ya nyumba siku hiyo nikijifanya sijui kitu, huku wewe unabeba vitu vyako. Nimeshachoka."

Nikamwuliza, kwa kuwa sikuwa na cha kuuliza kingine, kama kulikuwa na shahidi.

Akakunja pindo la gauni lake, akalikunjua. "Mama," akasema. "Mama ndiye aliyesaini kama shahidi."

Basi siku ile Kaka alipoweka mkono kifuani akamtaja Baba, hakuwa anaahidi kitu ambacho baadaye kilimshinda. Kilikuwa kimeshakwisha, wino umekauka. Aliniahidi chumba kilichokuwa kimeshatolewa ili nimtengenezee mashine kumi na moja. Mimi nikatoa jasho langu lote la msimu, nikanyoosha waya mmoja mmoja bila hasira, nikamtetea kwa watu, nikamtetea mpaka kwa nafsi yangu. Na mwanamke niliyemwita mwenye kijicho alikuwa ananiambia ukweli kwa njia pekee aliyoweza, kila mara akija na bakuli, nami nikimfukuza.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Usiniombe mimi. Nilikunywa chai ile ile." Tukakaa tukisikiliza kopo.

Aprili 17

Nimemkabili. Sikupaza sauti, nilitaka nisikie vizuri.

"Kwa nini uliniahidi?"

Alikuwa anabandika stika mpya kwenye kioo: FUNDI MKUU. Hakuacha kubandika.

"Ningekuambia ukweli ungeifanya kazi kwa moyo?"

Nikamwambia hapana.

"Basi," akasema, kama mtu aliyeshinda hoja.

Kisha akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba muuza viatu ni wa muda. Kwamba nitakuwa na kona pale mbele, karibu na mlango, hewa safi. Kwamba mimi ni msichana, kesho nitaolewa, chumba nitakifanyia nini. Kwamba damu ni damu. Niliitazama mikono yake alipokuwa anaongea. Stika ilikuwa imejaa mapovu ya hewa, na kila alipolisukuma povu moja lilitokea jingine pembeni.

Nimechukua kibano, bisibisi, kioo cha Baba na kopo la grisi. Rafu nimeiacha. Tundu nimemwachia yeye. Niliporudi nyumbani, Mama alikuwa jikoni, hakutoka. Nilisikia anaosha sufuria moja, tena na tena.

Aprili 18

Mzee Redio hakuuliza kitu. Alimhamisha paka.

Aprili 22

Wateja wawili. Mmoja alitaka redio.

Aprili 25

Nimehamia chumba kidogo kwa binti wa Mzee Redio, mwenye watoto wengi kuliko viti. Nalala vizuri, jambo linalonishangaza. Mvua inapiga mpaka barazani, nafunika mashine kwa nailoni na naendelea.

Bado nina chuki. Nilidhani itapungua nikihama, lakini imenifuata na mizigo. Asubuhi ndiyo huwa safi zaidi, kabla sijaongea na mtu.

Aprili 29

Mwenye Ukumbi amepita mbele ya baraza ndani ya gari lake. Hanijui. Atanijuaje?

Mei 3

Wifi ameleta habari. Mashine mbili za ukumbi zimeanza tena kugoma, vumbi tu, na Fundi Mkuu amezifungua zote mbili kwa mpigo. Tulicheka mpaka machozi. Halafu hatukucheka tena, kwa sababu Kaka akirudi nyumbani hasira zake ni Wifi anayezila.

Mei 9

Mvua imepungua. Jua kidogo saa za mchana.

Mei 14

Leo Mama amekuja.

Nilimwona tangu mwisho wa mtaa, anavyotembea kwa kuihurumia miguu yake, amekumbatia mfuko wa plastiki. Nilimpa stuli na maji ya kunywa. Nilimwamkia. Alinitazama mikono, akanitazama uso, akasema nimekonda. Nikasema sijambo. Tukamaliza maneno ya kawaida, kisha akaufungua mfuko na kuniwekea mezani mashine moja. Naijua. Ina mkwaruzo mgongoni.

"Kaka yako amehangaika nayo wiki nzima. Yule bwana wa ukumbi amesema hii isipopona leo, anaondoa mashine zake zote. Mwenzio halali. Itazame tu, mwanangu."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Amenitazama tu."

Nilifungua. Trei, kile kisahani cha kuwekea diski, haikuwa inatoka. Bodi zake zilikuwa sawa, jicho lake safi, alama yangu ya maka peni bado iko pale. Tatizo ni mpira unaosukuma trei, mpira mwembamba kama wa kufungia noti. Umelegea kwa unyevu, umechomoka kwenye gurudumu lake na kulala pembeni. Hata Kaka angeuona, kama angeinama. Mpira mpya ninao, uko kwenye kopo mbele yangu. Kazi ya kumaliza kabla Mama hajamaliza maji yake.

Lakini nilikuwa na swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo, nikaona nikikosa kuliuliza leo litanioza.

"Mama, ulikuwa umeshasaini. Ulijua kwamba mimi bado ninasubiri jina langu liandikwe?"

Watu wakapita. Mzee Redio akainuka na redio yake, akaingia ndani.

"Nilijua," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe una mikono, mwanangu." Hakuwa analia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. "Wewe popote utakapowekwa utakula. Kwenye ngazi ulikula. Hapa barazani unakula. Yeye nikimnyima chumba anabaki na nini? Mama humpa yule asiyeweza."

"Na anayeweza?"

"Anayeweza atavumilia. Wewe hujawahi kunishinda."

Alinyoosha mkono akanipapasa shavu. Anaamini amenisifu. Ameyasema hayo kwa upendo wote alionao, na ninajua ni mwingi, na ninajua kwamba ningekuwa mzembe kidogo, mwenye mikono mizito kidogo, leo ningekuwa na chumba.

Niliitazama mashine. Nilirudisha kifuniko. Nikarudisha skrubu, moja moja, kila moja mahali pake, kwa sababu sijui kufanya vingine.

"Imekufa, Mama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hii haitengenezeki."

Hakuuliza mara ya pili. Aliitia kwenye mfuko taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Aliniamini papo hapo, kwa sababu katika watoto wake wawili mimi ndiye ambaye sijawahi kumdanganya. Akasema Mungu anibariki, akashuka baraza akishika ukuta, akaenda kumwambia.

Nimekaa hapa nikisubiri majuto. Mpaka naandika hayajaja.